Je, wajua kwa nini gari la zimamoto huishiwa maji mara tu baada ya kufika?

Nyumba inapoteketea katika mji mdogo, lawama moja husikika kabla moshi haujatulia: zimamoto wamekuja bila maji. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, tangu siku nilipouona mpira ukinywea mikononi mwa askari huku paa likiendelea kuwaka, nikahitimisha kwamba gari lilitoka kituoni likiwa tupu.

Kosa langu lilikuwa kulifananisha gari la zimamoto na boza. Boza limeundwa kubeba maji. Gari la zimamoto limeundwa kuyasukuma, na tangi lake ni la kuanzia kazi tu. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1901 kilitaka tangi la gari la kawaida lisipungue galoni 300, takriban lita 1,100, ilhali pampu yake ilitakiwa kuweza kusukuma galoni zisizopungua 750 kwa dakika. Pampu hiyo ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, tangi hilo hukauka kabla nusu dakika haijatimia. Wahandisi walilijua hilo vyema. Maji ya tangini ni kama vijiti vikavu vya kuwashia kuni: hushika upesi na kuanzisha kazi, lakini hakuna anayetarajia viivishe chakula, kwa sababu magogo yanapaswa kufuata.

Magogo hayo ni bomba la maji lililo chini ya barabara, lenye koki maalumu ambayo gari huunganishwa nayo. Mpira wenyewe nao hula sehemu yake: kipande cha mita 20 chenye kipenyo cha milimita 64 humeza lita zipatazo 64 kabla tone halijatoka mwishoni, hivyo vipande kumi vilivyoungwa huchukua zaidi ya lita 600. Kwa gari lenye lita 1,100, zaidi ya nusu ya maji imo mpirani.

Basi kwa nini tangi lisiwe kubwa zaidi? Yapo magari ya namna hiyo, lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na tani kumi zinazoyumba nyuma ya dereva hupunguza mwendo, huhatarisha gari kwenye kona na hulizuia kupita katika vichochoro.

Haya hayamaanishi kwamba kila lawama haina msingi, kwani gari linaweza kweli kutoka bila kujazwa, na kila tukio lastahili kuchunguzwa kivyake. Hata hivyo, swali zito zaidi kwa halmashauri na mamlaka ya maji huwa liko ardhini: je, koki ipo, haijafukiwa na lami, kifuniko chake kinafunguka, na bomba linaloilisha ni pana vya kutosha? Bomba lililopimwa kwa matumizi ya majumbani pekee laweza kujaza ndoo siku nzima bila tatizo, kisha likashindwa kuilisha pampu moja.

Ndiyo maana, gari linapofika, huenda ukamwona askari mmoja akishuka na kukimbia kuupa moto mgongo, mpira ukifunguka nyuma yake. Watu humzomea wakidhani anakimbia kazi, kumbe anaitafuta koki.