Je, wajua kwa nini kigoda kilichokatwa kwa kompyuta kina "masikio"?

Kitazame kigoda cha plaiwudi kilichotoka kwenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kukatia mbao (ruta) inayoongozwa na kompyuta. Pale ulimi wa mguu, yaani ncha yake iliyochongwa iingie kwenye tundu, unapochomoza kwenye ubao wa kukalia, kila pembe ya tundu ina kijishimo cha duara, kama vile panya alionja akaghairi. Wengi hudhani ni urembo. Wengine husema biti, yaani kisu cha mashine kinachozunguka, iliteleza, au mchoraji alikosea na hakuna aliyemwambia.

Dhana hiyo ina mantiki yake. Fundi seremala mwenye patasi hukata tundu lenye pembe kali bila taabu. Itakuwaje mashine inayopima sehemu ya kumi ya milimita ishindwe? Ila hapo vitu viwili vimechanganywa. Usahihi wa mashine ni wa kujua kitovu cha biti kiko wapi. Umbo la tundu huamuliwa na biti yenyewe, na biti ni ya duara. Hata mashine ingekuwa sahihi mara mia zaidi, pembe ya ndani ingebaki butu vilevile.

Weka sarafu ndani ya boksi tupu la kiberiti, uisukume hadi pembeni. Itagusa kuta zote mbili, lakini nyuma yake itabaki nafasi isiyofikika. Biti ya kipenyo cha milimita 6 hufanya hivyohivyo: huacha tao la nusu kipenyo cha milimita 3, na kutoka kwenye tao hilo hadi kwenye pembe halisi ni kama milimita 1.24 za mbao ambazo hazikuguswa. Pembe za nje hazina shida hiyo, kwa sababu biti huzizunguka kwa nje na kuziacha kali. Sasa chukua ulimi wenye pembe kali uuingize kwenye tundu lenye pembe butu. Hauingii. Ukiugongea nyundo, utabandua tabaka la juu la plaiwudi.

Dawa ni kuipeleka biti mbele kidogo, kwa mshazari, mpaka duara lake liguse pembe yenyewe. Kitovu kinakaa milimita 2.12 kutoka kila ukuta, na biti inakula takriban milimita 0.88 kupita kila ukuta. Hilo ndilo sikio. Lichore kubwa kidogo kuliko biti, tuseme kipenyo cha 6.2, kwa kuwa baadhi ya programu huliruka duara lililolingana na biti sawasawa.

Madhara ya kuyasahau masikio yanaonekana zaidi kwenye miguu ya msalaba: mbao mbili, kila moja ina mpasuo wa nusu ya kimo chake, zikivishwa moja juu ya nyingine. Pembe za mipasuo zikibaki butu, mbao hukwama milimita kadhaa kabla ya kukutana. Ubao mmoja unabaki juu kuliko mwenzake, na kigoda kinayumba hata sakafu ikiwa sawa kabisa. Mtu atalaumu sakafu, kisha ataanza kusaga miguu kwa msasa.

Kwa nini basi isitumike biti ndogo? Ya milimita 3 hupunguza pengo hadi 0.62, lakini hailiondoi. Tena kukata plaiwudi ya milimita 18 kwa biti nyembamba hivyo ni kualika ivunjike. Biti ya 6 hushuka kwa awamu tatu za milimita 6, na awamu ya mwisho huzidi kidogo, hadi 18.2, ili ikwaruze ubao wa kafara, yaani ubao wa kukatwakatwa ulio chini. Usiiendeshe polepole mno kwa kudhani unaihurumia: ikisugua badala ya kukata, hupata moto na kuwa butu.

Masikio hayasaidii kitu kama unene umekosewa. Plaiwudi inayouzwa kuwa ya 18 yaweza kuwa 17.5. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu kadhaa za ubao uleule utakaokata, ongeza milimita 0.1 hadi 0.2 kwenye upana wa tundu, kisha kata kipande cha majaribio kwanza. Kiungo kinachobana vizuri kikiwa kikavu huweza kugoma ukishapaka gundi ya maji, maana mbao huvimba.

Asiyependa masikio anaweza kuyaelekeza kwenye ncha mbili za tundu pekee. Upande wa chini yatafichwa na mabega ya ulimi (sehemu pana za mguu pande zote mbili za ulimi), ingawa juu ya kigoda bado yataonekana. Leza nayo haiyahitaji, kwa kuwa mwali wake ni mwembamba sana, lakini kwenye plaiwudi ya unene huu leza nyingi ndogo hushindwa kupenya au huacha kingo nyeusi. Kwa hiyo ukikuta kigoda cha CNC chenye matundu ya pembe kali bila sikio hata moja, chungulia ndani ya tundu: huenda ukaona alama za patasi, za mtu aliyeendelea na kazi baada ya mashine kuzimwa.