Maji Meupe Si Lazima Yawe Safi

Ukitia rangi batiki uani kwako, Mikindani au Kisauni huku Mombasa, maji ya kusuuzia huishia mtaroni, na mtaro huteremka hadi horini, kwenye mkono wa bahari. Basi mtu akisikia kuna mawe yenye chuma yanayoondoa rangi majini, hufurahi. Tatizo ni yale yanayosimuliwa juu yake.

Wengi hudhani jiwe linafyonza rangi. Hiyo ni kazi ya makaa, nayo hukuachia makaa machafu. Shabu nayo huigandisha ikazama. Jiwe hili ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia: husaidia kuivunja molekuli yenyewe ya rangi. Kuhakikisha, chota ule unga wa jiwe uuoshe kwa spiriti: spiriti ikichukua rangi, basi rangi ilikuwa imejibanza tu kwenye jiwe.

Wengine husema mchanga wowote mweusi unatosha, mwaga tu. Magnetaiti, jiwe jeusi lenye chuma linalotakiwa hapa, hurukia sumaku (funga sumaku kwa karatasi kwanza, la sivyo utakesha ukiisugua). Ilmenaiti, mchanga mweusi wa chuma na titani uliochimbwa Kwale hadi mwisho wa 2024 na kupakiwa melini Likoni, haivutwi hivyo. Na hata magnetaiti peke yake haivunji kitu. Inahitaji haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kidondani. Chuma huipasua, zikatoka radikali, yaani chembe kali zisizotulia, zinazoshambulia chochote kilicho karibu. Mwanakemia Mwingereza, Fenton, aliandika habari za chuma na peroksaidi mwaka 1894. Lakini kazi hiyo hupenda pH (kipimo cha asidi) ya 3 hivi, ukali wa siki, ilhali maji ya batiki yamejaa kostiki soda, ambayo ni kinyume cha asidi. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, na visima hivyo tunavyo tele, kloraidi iliyomo kwenye chumvi nayo hula sehemu ya zile radikali.

Linalonikera zaidi ni hili: "Rangi imetoka, maji ni safi." Rangi nyingi za vitambaa ni za azo, yaani atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana, na mshikano huo ndio hasa unaoleta rangi. Ukikatika, maji huwa meupe upesi. Vipande vyake, zikiwemo amini (kemikali zenye naitrojeni) ambazo baadhi husababisha saratani, huweza kubaki humo humo. Kinachopaswa kupimwa ni kaboni ya ogani iliyosalia, yaani kaboni iliyo ndani ya mabaki hayo, nayo hupungua polepole kuliko rangi.

Eti jiwe la asili halidhuru? Pairaiti, jiwe la chuma na salfa, ikilowa penye hewa hutoa asidi. Na maji ya pH 3 hayamwagwi kabla ya kutiwa chokaa, ambayo huacha tope la rangi ya kutu chini ya pipa. Tope hilo lisirudi kwenye mtaro uleule.