El Dorado Alikuwa Mtu: Dhana Potofu Kuhusu Dhahabu ya Bogotá

Makumbusho ya Dhahabu ya Bogotá, nchini Kolombia, ni mali ya benki kuu ya nchi hiyo, na yana vipande zaidi ya 30,000 vilivyotengenezwa na mafundi wa kale, vingi kabla Wahispania hawajatia mguu Amerika. Mtu akisikia benki na dhahabu vikitajwa pamoja, akili hukimbilia kilo na bei. Hapo ndipo upotofu unapoanzia, na sehemu yake ina umri wa karibu miaka 500.

"El Dorado ni mji wa dhahabu uliopotea msituni."

Si mji. Maana ya neno hilo kwa Kihispania ni "aliyepakwa dhahabu". Wamuisca waliishi kwenye nyanda za juu ilipo Bogotá leo. Juan Rodríguez Freyle, aliyeandika karne ya 17, anasimulia jinsi mtemi mpya alivyosimikwa: alivuliwa nguo, akapakwa udongo unaonata, akanyunyiziwa vumbi la dhahabu hadi akameta mwili mzima. Akapandishwa kwenye chelezo pamoja na wakuu wengine, kikaelea hadi katikati ya ziwa Guatavita, na huko dhahabu na zumaridi zikatoswa majini. Wahispania wakamgeuza mtu kuwa mji, na kila walipoukosa waliusogeza mbele, hadi ukafika kwenye misitu ya Guyana.

Ziwa lenyewe halikusalimika. Mwaka 1545 watu walipangwa mstari kulichota kwa vibuyu. Miaka ya 1580 mfanyabiashara Antonio de Sepúlveda aliamuru ukingo wake ukatwe ili maji yatoke, na pengo hilo linaonekana hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Waingereza ilifanikiwa kulikausha, lakini tope lilianikwa na jua likawa gumu kama saruji. Serikali ililiweka ziwa chini ya ulinzi mwaka 1965.

Miaka minne baadaye, wakulima waliingia pangoni karibu na Pasca wakakuta chungu, na ndani yake mlikuwa na chelezo cha dhahabu chenye urefu wa sentimita 19.5. Mtemi yuko katikati, mkubwa kuliko wote, na watu wadogo wamemzunguka. Ndicho kito kikuu cha makumbusho sasa. Kinachonigusa zaidi ya ufundi wake ni kwamba kilifichwa. Kilitengenezwa ili kitolewe sadaka, si ili kitazamwe.

"Wamuisca walikalia migodi ya dhahabu."

Ardhi yao ilikuwa na dhahabu kidogo mno. Walikuwa na chumvi, waliyoipata kwa kuchemsha maji ya chemchemi za Zipaquirá na Nemocón, pamoja na nguo za pamba na zumaridi. Kwa kubadilishana vitu hivyo walijipatia dhahabu ya jirani zao. Walichokitosa ziwani walikuwa wamekitolea jasho.

"Dhahabu ikichanganywa na shaba ni hafifu, na sanamu isiyong'arishwa ni kazi ya fundi asiyejua."

Vipande vingi vya makumbusho si dhahabu tupu bali ni tumbaga, yaani dhahabu na shaba. Mchanganyiko huo huyeyuka kwa moto mdogo kuliko metali hizo zikiwa peke yake, hujaa vizuri kwenye kalibu, na huwa mgumu zaidi. Tena una rangi: fundi aliweza kuuacha na wekundu wa shaba, au kuupasha moto na kuondoa shaba ya juu kwa majimaji makali ya mimea hadi uso ubaki wa dhahabu.

Umbo lilianza kwa nta ya nyuki. Fundi alilichonga kwa nta, akalifunika kwa udongo na kulichoma. Nta ikatoka, metali ikamiminwa palipobaki wazi. Ili kukitoa kitu, kalibu ilivunjwa. Sanamu ndogo za sadaka za Wamuisca, ziitwazo tunjo, mara nyingi ziliachwa hivyo hivyo, zikiwa na kingo zenye kukwaruza na mabaki ya metali iliyomwagika. Ukiangalia chelezo cha Pasca utajua mafundi hao hawakushindwa kung'arisha. Tunjo ilikwisha kazi yake ilipotolewa.

"Poporo ni pambo la kifalme."

Makumbusho yalianza mwaka 1939, benki iliponunua chombo cha dhahabu cha Waquimbaya, jamii nyingine ya kale ya Kolombia, chenye umbo la kibuyu na uzito wa gramu 777, ili kisije kikayeyushwa. Hiyo ndiyo poporo, na ni chombo cha chokaa. Chokaa hiyo, ya makombe yaliyochomwa, hutafunwa pamoja na majani ya koka. Wanaokula tambuu Lamu au Unguja hawahitaji maelezo marefu: jani bila chokaa halijakamilika. Kwenye milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, wanaume wa Kikogi hupewa poporo ya kibuyu halisi wanapoingia utu uzima, nao hutembea nayo kila siku.

Kuna pia vidude vya dhahabu vyenye mabawa ambavyo watu wengine hudai ni ndege za injini za kale; hivyo ni vidani vyenye maumbo ya wanyama, na wanyama wenye mabawa walikuwapo tele.

"Hazina iliyotoka Kolombia yote iliporwa kwa upanga."

Nyingi, ndiyo, ikayeyushwa kuwa vinoo vya dhahabu. Lakini mwaka 1893 ilikuwa serikali ya Kolombia yenyewe, nchi ikiwa huru, iliyoizawadia Hispania vipande 122 vya Waquimbaya vilivyokuwa vimefukuliwa kaburini miaka mitatu tu nyuma. Viko Madrid. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliiagiza serikali ifanye juhudi virudishwe, na mimi naona vina haki ya kurudi.

"Wamuisca wenyewe walikwisha."

Lugha ya Wamuisca ilizimika karne ya 18, na mwaka 1770 mfalme wa Hispania alikuwa amepiga marufuku lugha za wenyeji. Watu hawakuzimika. Jumuiya za Wamuisca zipo Suba na Bosa, ndani ya Bogotá yenyewe, zipo Cota na Chía, na ipo nyingine Sesquilé, wilaya lilimo ziwa Guatavita.