Mwendokasi upo. Njia ya kuufikia je?

Sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuingia mjini, ina kitu ambacho barabara nyingi za Dar es Salaam hazina: njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Zilijengwa pamoja na awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia zake, kilomita zipatazo 21 pamoja na matawi yake, na mabasi yakaanza kazi Mei 2016. Ukitazama ramani, mkazi wa Manzese ameshaunganishwa na Kariakoo.

Kazi yangu ni kupanga njia hizi, na ramani hiyo hainiridhishi. Mkazi wa Manzese hatokei tu barabarani. Anatoka kwake, anapita vichochoro, na pale mtaa unapoingia barabara kubwa ndipo safari yake inapoharibika.

Simama dakika kumi kwenye mdomo wa mtaa wowote wa hapo. Njia safi ya miguu inakatika ghafla, unashuka ukingo mrefu kama ngazi, unaruka mtaro ambao mfuniko wake haupo na juu yake mtu kaweka ubao, unapenya katikati ya bodaboda zinazosubiri abiria, kisha unapanda tena. Kona yenyewe imechongwa pana, kwa hiyo gari linaloacha barabara kubwa linaingia mtaani bila kupunguza mwendo. Kijana atapita. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni atazunguka na kutembea barabarani pamoja na magari. Mwenye kiti cha magurudumu atabaki nyumbani.

Sababu moja ni ya kiofisi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Mchoro wa barabara kuu unaishia ukingoni, na mchoro wa mtaa nao unaishia hapohapo. Mwenda kwa miguu anavuka mpaka huo kwa hatua nne wala hajui kama upo.

Dawa ninayoichora mara nyingi ni tuta bapa. Njia ya miguu inaendelea kwa kimo kilekile kuvuka mdomo wa mtaa, na gari ndilo linalopanda na kushuka. Kona inabanwa ili dereva alazimike kukata usukani. Shida ni maji. Ukiinua tuta bila kupitisha karavati chini yake, masika ya kwanza yataingia kwenye nyumba za jirani, na wenye nyumba watalivunja kwa sururu, siwezi kuwalaumu. Kwa hiyo mimi huanza na mtaro, mfuniko wa zege mzito kwa sababu wa chuma huishia kwenye chuma chakavu, ndipo nafikia tuta.

Nguzo za kuzuia magari zisipandwe kwa mazoea. Ukizibana hadi bajaji isipite, guta lenye magunia nalo linakwama, wakati bodaboda inateleza katikati bila wasiwasi.

Kuhusu madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, nitasema waziwazi kwamba siyapendi. Yanawahudumia wenye magari, wasisimame. Aliyebeba mzigo hapandi ngazi zote zile kuvuka njia chache, atakimbia chini. Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara, hivyo kila abiria lazima avuke kwenda na kurudi. Mahali kama hapo panahitaji zebra yenye taa, kisiwa cha kusubiria, na magari yaliyokwisha punguzwa mwendo kabla ya kufika.

Wanaosema mambo haya ni gharama waangalie shule za msingi za humuhumu Dar. Mpango wa SARSAI wa Amend, shirika la usalama barabarani, uliweka vitu vya kawaida kuzizunguka: matuta, zebra, njia za miguu, nguzo, wakati mwingine kuhamisha geti la shule likatazame mtaa wenye magari machache. Utafiti uliofuata ulionyesha majeraha ya watoto barabarani yamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI).

Sasa macho yangu yako Jangwani. Magomeni na Kariakoo ni mwendo mfupi kwa baiskeli, lakini katikati kuna Bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zimefunga Barabara ya Morogoro hapo mara nyingi. Mradi wa bonde umepanga daraja jipya, refu na la juu zaidi. Nikiletewa michoro yake, swali langu la kwanza litakuwa kuhusu ncha zake: daraja likishainuliwa, mtu wa mitaa ya chini ya Magomeni mwenye baiskeli analipandia wapi, na kwa mteremko wa kiasi gani?