Uwakili si changizo

Ikitangazwa kanisani kwamba Jumapili ijayo ni ya uwakili, wengi tunaelewa jambo moja tu: bahasha. Neno limezoeleka hivyo katika sharika nyingi hapa Tanzania, hata mtu akisema "mwaka huu uwakili umekwenda vizuri" anamaanisha makusanyo yamevuka lengo. Lakini uwakili ni kushika mali au kazi ya mwingine kwa niaba yake, kisha kumtolea hesabu. Mtoa sadaka yumo, maana naye alichonacho amepewa. Anayebanwa kwanza ni aliyekabidhiwa: mchungaji, mzee wa kanisa, mtunza hazina.

Tukilisahau hilo, mafundisho yote yanaelekezwa kwenye mabenchi, na kuwateua wanaoshika sadaka kunabaki shughuli ya dakika tano baada ya ibada. Majina matatu yanatajwa, mikono inanyooshwa, basi. Na sifa inayotajwa ni kwamba fulani ni mwaminifu, yaani hajawahi kumpinga mchungaji. Huo ni utii. Una thamani yake, ila si uaminifu wa wakili.

Soma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuteua wasaidizi wao wa karibu. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho na hekima, kisha wao wakawawekea mikono. Yaani ushuhuda unatoka kwa watu wanaoishi na mtu huyo, na kuwekwa kazini kunatoka kwa viongozi. Majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Inaelekea kabisa kwamba huduma ilikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika! Ni sharika ngapi zingethubutu?

Nehemia naye, alipokuta Walawi, wahudumu wa hekalu, hawapewi sehemu zao na wamekimbilia mashambani kwao, aliweka juu ya hazina kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki na Pedaya wa Walawi, na Hanani pamoja nao. Sababu inaandikwa waziwazi katika sura ya 13: walihesabiwa kuwa waaminifu. Hata hivyo aliweka wanne, na mmoja wao ni mtu wa kuandika.

Hapo ndipo penye kosa linaloniumiza zaidi, kauli ile ya "mbona mnadai hesabu, hamumwamini mtumishi wa Mungu?" Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba hakutaka mtu apate la kumlaumu. Aliyedai usimamizi ni mtume mwenyewe.

Usharika unaofanya vizuri utauona baada ya ibada. Wazee wa zamu wanamwaga kapu mezani ofisini. Mmoja anapanga noti, mwingine sarafu, wa tatu anaandika kitabuni, na wote wanatia saini kabla fedha haijaondoka pale. Mzee anayesaini ukurasa mtupu kwa kuwa anamwamini mwenzake amemwacha huyo mwenzake bila shahidi siku atakaposingiziwa.

Viwanja na majengo vina utaratibu wake. Hushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, na bodi hiyo ina muhuri wake na inaweza kushtaki au kushtakiwa. Mdhamini akifariki au akihama kanisa, kiwanja hakimfuati, wala wanawe hawakirithi. Wapo wanaodhani jina la mdhamini kuwa kwenye bodi kunampa hisa. Hakumpi.

Kwa hiyo Jumapili ya uwakili leteni bahasha, ni sawa kabisa. Ila siku hiyohiyo isomwe taarifa ya mapato na matumizi, na washarika wapewe nafasi ya kuuliza. Kama yanayofanyika ni makusanyo peke yake, tutangaze changizo. Hilo nalo ni neno zuri, na watu watatoa.