Uchungu wa zamani: maswali mnayoniuliza mlangoni

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kawangware, natembea ploti hadi ploti, na maswali ya uchungu wa moyo huwa yanakuja mwisho kabisa, nikiwa nishafunga kitabu nataka kutoka.

Mbona kitu ya miaka mingi bado inaniuma kama jana?

Juu ubongo ukiona hatari unaishika pamoja na harufu, sauti, mahali, kila kitu. Kuna mama anauza mitumba, alitoka kwa ndoa ya kupigwa kitambo sana. Siku moja nimesimama naye mteja akakohoa nyuma yetu, kukohoa tu, na yeye akaangusha chenji yote chini, mikono inatetemeka, kumbe yule mume aliyekuwa anampiga alikuwa anakohoa hivyo akifika mlangoni usiku. Hakuwa anajifanya, moyo ulianza kwenda mbio kabla akili haijajua ni mteja tu.

Si afadhali nisahau?

Ukilazimisha kusahau ndio inarudi sana. Mwaka wa 1987 mtafiti Mmarekani Daniel Wegner aliambia wanafunzi wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano, akiwajia wapige kengele, na kengele zikalia tu. Walipoachiliwa wamfikirie, wakamfikiria kuliko wale hawakuwa wamekatazwa mwanzoni. Na huyo ni dubu, hajawahi kumkosea mtu.

Sasa nikikubali badala ya kulazimisha kusahau, si ni kusema ilikuwa sawa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanakwama. Huwa nakasirika sana nikisikia mtu ameumizwa anaambiwa samehe usahau kabla hata hajaulizwa nini kilifanyika. Kukubali ni kusema ilifanyika, iliniumiza, siwezi kuirudisha nyuma, na sahii imekuja tena lakini niko kwa nyumba yangu na mlango nimefunga mwenyewe. Kusamehe ni maneno mengine, kurudiana ni mengine kabisa, unaweza kukubali na usirudi huko maisha yako yote. Na kama huyo mtu bado anakuumiza, usikae hapo ukijifunza kukubali, tafuta usalama kwanza.

Ikinipata ghafla nifanye nini?

Weka miguu chini uisikie sakafu, pumua pole pole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, taja vitu unaona mbele yako. Yule mama siku hizi hushika jinzi iliyo karibu, anasugua mshono na kidole gumba huku anajiambia niko soko, ni saa nne, ni mteja. Bado anashtuka, lakini chenji haianguki.

Lazima nione daktari mkubwa?

Si lazima uanzie huko. Hapa hapa Nairobi kulifanywa utafiti uliotoka 2017, wanawake 421 waliopitia dhuluma, na wenye walikaa na karibu nusu yao walikuwa wahudumu wa jamii kama mimi waliopewa mafunzo, mara tano, mara moja kwa wiki, dakika tisini. Kutuliza mwili, kutatua shida moja moja, kurudia shughuli ulizoacha, kutafuta mtu wa kukushika mkono. Hao walipata nafuu kuliko wale wengine waliopewa huduma ya kawaida. Lakini usingizi, chakula au kazi ikiharibika zaidi ya wiki mbili, fika kliniki uulize kaunsela, na ukitumwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, usiogope jina, watu wengi huenda pale wakaonwa na wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikisema niliwahi kujaribu kujiua si nitashikwa?

Hii woga imenyamazisha watu wengi sana. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya hiyo iwe kosa ni kinyume na katiba. Kwa hivyo kaunsela akikuuliza, mwambie ukweli wote. Usiku ukizidiwa piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Na kama ni mtu wako amekuambia anataka kujiua, usimwache peke yake hata aende choo cha ploti, kaa naye mpaka mfike hospitali pamoja.