Kipimo cha mate: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Anayejipima VVU nyumbani ana jambo analificha."
Mara nyingi anachokwepa ni benchi la kituo cha afya tu. Nesi mnasali naye, mlango wa ushauri nasaha kila mtu anaujua. Ukionekana umekaa pale asubuhi, jioni habari zimekutangulia gengeni. Wanaume ndio hasa. Mama mjamzito hupimwa akienda kliniki, baba hana siku yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wajipime mwaka 2016, Kenya ikazindua vipimo hivyo 2017, na Novemba 2019 Bunge la Tanzania likabadili sheria kuruhusu. Hawakuwa wanawatafutia wasaliti maficho.

"Kama kinapima mate, basi virusi viko kwenye mate."
Hili ndilo nalisikia kuliko yote, na lina mantiki yake, kwa hiyo tusilicheke. Kijiti unakipitisha mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini. Kinachotafutwa hapo ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya VVU, siyo virusi vyenyewe. Ukikuta polisi wamejaa mtaani unajua kuna tukio, lakini polisi siye mwizi. Mate hayaambukizi VVU. Kikombe kimoja cha chai hakiambukizi.

"Mstari mmoja, niko salama."
Mstari mmoja, ule wa C, maana yake kipimo hakikukuta kingamwili. Lakini askari hao huchukua muda kujikusanya. Kama ulijiweka hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia baadaye. Na majibu ya mwenza wako si yako. Kila mtu na kijiti chake.

Kuna wengine wako kwenye dawa za ARV, wameombewa, wanajipima kuhakiki kama wamepona. Jamani, hapana. Dawa zinaweza kufanya kipimo kionyeshe mstari mmoja wakati virusi bado vimo mwilini. Ukiacha dawa kwa sababu hiyo, vinaongezeka tena.

"Mistari miwili ndiyo majibu ya mwisho."
Bado. Mistari miwili, C na T, maana yake kingamwili zimeonekana, lakini nenda kituo cha afya wakupime tena kwa vipimo vingine kabla ya kuanzishiwa dawa.

Nyumbani, usile wala kunywa chochote dakika 15 kabla. Kama umepiga mswaki, subiri nusu saa. Tega alamu: majibu husomwa kuanzia dakika ya 20 tangu utumbukize kijiti kwenye kichupa chake, isizidi ya 40. Mstari wa T, yaani wa kingamwili, hata ukiwa hafifu kama penseli iliyofutwa, unahesabika. Wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, tafuta kingine.